Mafiga Matatu

Usifungue, Biira. Usifungue kwanza.
Najua mwenye friji anapiga kelele,
najua ngege zake za Ziwa George
zimeanza kulegea macho ndani ya beseni.
Mwache apige.
Hii ni friji kuukuu, bado ina namba kumi na mbili tumboni.
Unganisha mpira kwenye mtungi,
tazama mshale, tungoje.

Zamani sikungoja.
Nilikuwa na mkono mwepesi na jina hapa Kasese:
Masereka wa Friji, dakika tano kamaliza.
Nilikata bomba kwa koleo, pssss,
gesi ikanipita shavuni, baridi,
ikatokea dirishani.
Haikunuka. Haikuacha doa.
Kisicho na harufu, nani atakishtaki?
Nikaandika risiti, nikala muhogo wangu.

Miaka kumi na minane hivyo.
Bucha, zahanati, baa zote za barabara ya Mpondwe.

Kisha wakatuita semina Mbarara.
Nilifuata posho, sikufichi.
Mwalimu alikuwa binti wa Kitoro, Kabasinguzi,
umri wa mwanangu,
akachora mawe ubaoni.
Hewa tunayovuta, akasema, ni mawe mawili yameshikana.
Ozoni ni matatu.
Nikacheka peke yangu nyuma ya darasa:
mwana wa jikoni gani asiyejua mafiga?

Panga Rwenzori nne, akasema,
moja juu ya kichwa cha nyingine, na theluji zake,
huko ndiko jiko hilo lilikotandazwa.
Ile miale ya jua isiyoonekana,
inayochubua ngozi na kuleta mtoto wa jicho,
hushuka na hasira zake, huyagonga mafiga,
huyatawanya, nayo hujipanga tena,
na hasira huishia palepale, ikawa joto tu.

Tabaka lote hilo
ukilileta hapa chini ukalibana,
ni unene wa sarafu mbili za mia tano.
Sarafu mbili, Biira. Bei ya chapati.

Na gesi yangu?
Haina haraka kama mteja. Hupanda miaka.
Ikifika, jua huitoa klorini yake,
na klorini ni mgeni asiye na haya:
huchukua figa moja, chungu kikapinduka,
hutoka mikono mitupu
akarudi kwa jiko la jirani,
maelfu ya majiko, yeye yuleyule.

Pale Kikorongo, ikweta inapokata barabara
na watalii wanaposimama kupigwa picha,
juu yake ndipo jua hupika ozoni kwa wingi;
upepo huibeba hadi ncha za dunia.
Tundu likatoboka kule kusini, kwenye barafu,
nchi ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyezikwa.
Usiku ule, kitandani, nilihesabu friji.
Nilifika mia nne nikaacha.

Nikamkumbuka mama akivuna chumvi Katwe,
maji ya magadi yamemfika kiunoni,
saa saba mchana, mgongo wake na jua,
kitambaa kimoja kichwani.
Kumbe alikuwa na kifuniko kingine
hakumlipa mtu, hakukijua jina,
na mimi, mwanawe wa tatu, niliyesomeshwa kwa chumvi ile,
nilikuwa mjini nakitoboa kwa koleo.

Wanasema kinapona.
Polepole, kama mfupa wa mtu mzima.
Labda ukiwa bibi utasikia redioni kimeziba.
Mimi nitakuwa udongo wa Kilembe.

Haya, mshale umelala.
Funga koki. Kaza, usiibembeleze.
Pima mtungi, andika kwenye daftari: gramu mia na thelathini na tano.
Kisha kimbia kwa Muhindo ukaombe barafu,
mama wa watu asije akapoteza samaki
kwa ajili ya uzee wangu.